Namna Nilivyoitia Akili Kampuni ya Tanzhu

Jumatatu, 6 Machi

Siku kubwa! Bosi Mu katukusanya ukumbini asubuhi, katangaza kwamba Tanzhu si kampuni ya kutafuta tena. Miaka yote mtu wa nchi hii akitaka dawa ya kikohozi, au anwani ya mchumba aliyemkimbia, alituuliza sisi, nasi tukampa kurasa za majibu zilizolaliwa na matangazo. Yamekwisha hayo. Sasa watu wanataka mashine inayojibu kama mtu. Kwa hiyo tangu leo sisi ni kampuni ya akili mnemba. Makofi.

Halafu zikaja mbio za farasi, kama ilivyo desturi yetu: timu mbili zinapewa kazi ileile, zinakimbizana, mwishoni inabaki moja. Mshindi anapewa idara mpya. Mshindwa anapewa boksi la kubebea vitu vyake. Daktari Ruan Peizhi akainua mkono. Kijana, amesoma ng'ambo, anakunywa kahawa ya barafu katikati ya kipupwe ili tumwone. Nikainua wangu juu zaidi!

Kwenye lifti Yuli, mhandisi wangu, kaniuliza kama ninajua mashine ya namna hiyo inavyotengenezwa. Nikamwambia mimi, Shao Kelin, nimeongoza Idara ya Matangazo tangu yeye anavaa sare za shule. Akasema hilo si jibu. Ana kiburi huyu binti, lakini simwachi, maana ndiye anayejua kazi.

Nina miaka arubaini na minne. Hapa Haidian, mtaa wa kampuni za kompyuta Beijing, ukivuka thelathini na tano waajiri wanakunusa kama maziwa ya juzi. Nikishindwa, unga umemwagika. Naogopa, na sitamwambia mtu. Lakini sitashindwa!

Alhamisi, 9 Machi

Mashine yetu imezaliwa! Ni kiziwi.

Yuli kaifundisha kwa kile tulichokuwa nacho idarani, yaani matangazo ya miaka ishirini. Nikaiandikia habari ya asubuhi. Ikanijibu kwamba upara unatibika na kliniki ina maegesho. Nikaiuliza mayai na nyanya yanapikwaje. Ikanipa wauza mayai, wauza sufuria na daktari wa tumbo. Yuli anasema anahitaji nusu mwaka kuisahaulisha. Mbio zinaamuliwa Ijumaa ya wiki ijayo!

Jioni nimekaa na miguu kwenye beseni la maji ya moto, najihurumia. Mama mkwe akapiga simu kutoka mji wa Baoding. Mama Geng ni mwalimu mkuu mstaafu, anaongoza akina mama wanaocheza ngoma uwanjani kila jioni. Aliniambia sauti yangu ina baridi ya figo, akanitajia supu ya kunywa, akanisahihisha habari za vita vya zamani, akanipa namba ya fundi bomba. Yote kwa pumzi moja. Mke wangu hata hakushangaa. Mama hajawahi kukosa jibu maishani mwake.

Nikasimama beseni likamwagika. Wazo! WAZO!

Jumamosi, 11 Machi

Nimerudi kutoka Baoding. Nimekula mikate ya nyama ya punda mpaka vifungo vikalalamika. Nilimpelekea Mama bata wa kuchoma na spika mpya ya magurudumu kwa ajili ya ngoma zao.

Mpango ni huu. Mbele, uso wa mashine, safi, rangi ya buluu. Nyuma, Mama Geng na walimu wenzake wastaafu, kila mmoja na kompyuta yake sebuleni, wanajibu. Wanaandika haraka kuliko wahitimu wangu wote, maana wamejifunza kwa kugombana kwenye kundi la familia. Nikawaeleza: nyinyi ni mashine. Jibuni kwa ufupi, bila hisia.

Mama kanitazama. Kasema, "Wewe mkwe, mimi nimejibu watoto wa watu miaka arubaini. Leo wewe ndiye wa kunifundisha kujibu?" Wenzake wakacheka mpaka meno ya bandia yakahama. Nikawaachia wajibu wapendavyo.

Yuli kwenye simu kasema huo ni udanganyifu. Nikamwambia ni daraja la muda. Kauliza daraja la kwenda wapi. Nimekata simu.

Jumanne, 14 Machi

Mambo ni moto! Leo wafanyakazi wamezijaribu mashine zote mbili.

Ya Ruan inajibu sawasawa, ndefu, imenyooka, kama kitabu cha serikali. Watu wakasema ahsante na kupiga miayo. Wakaja kwetu. Kijana mmoja akauliza jinsi ya kurekebisha programu iliyokwama. Mashine yetu ikamwambia aliyekwama ni yeye: anyanyuke, anywe maji ya moto, avae suruali ya pili kwa ndani maana joto la machipuko haya ni la uongo, kisha ikamuuliza anaoa lini. Akatoka mbio kwenda kuwaita wenzake. Mpaka saa ya chai foleni ilifika kwenye ngazi. Msichana wa uhasibu aliulizwa kama amekula, akalia machozi kabisa, akasema hajaulizwa hivyo tangu aje Beijing.

Ruan kaja na kikombe chake cha barafu. Kwa nini mashine yangu inachelewa kujibu? Na kwa nini imemwambia mtu asubiri, kuna chungu kinafurika? Nikamwambia ni mbinu mpya ya kufikiri kwa mafungu, asome. Akaiandika! Mtu na udaktari wake, kaiandika!

Ijumaa, 17 Machi

Nimekunywa glasi mbili za baijiu, pombe yetu kali. Nitaandika taratibu.

Mabomba ya joto yamezimwa juzi, ofisi ni barafu. Nje upepo wa mchanga, mbingu rangi ya haradali. Mbio zilikuwa ziamuliwe saa nne asubuhi. Bosi Mu akakwama kwenye mkutano na wenye hisa. Saa tano hayupo. Saa sita hayupo. Akaingia saa saba mchana, taa zimezimwa, watu wamelala kwenye vitanda vya kukunja chini ya meza zao kama kawaida.

Saa saba! Nchi nzima iko kwenye usingizi wa mchana, na akina mama wa Baoding ndio wamelala kuliko wote. Kitumbua changu kimeingia mchanga, tena wa Gobi!

Mashine ya Ruan ilianza. Ikaulizwa kama kampuni itashinda, ikajibu kwa aya kumi na moja. Bosi akasoma mbili, akasugua macho. Akaja kwetu, akaandika swali lilelile.

Kimya.

Nikajificha nyuma ya ua la chungu nikampigia Mama. Amezima simu. Nikapiga ya nyumbani. Ikaita, ikaita. Ruan akatabasamu. Bosi akaandika tena, kwa herufi kubwa. Nikaona boksi langu, nikaona nabeba ile picha ya binti yangu na mmea wangu uliokufa, nashuka ngazi mbele ya watu wote.

Ndipo kioo cha mashine kikaandika: "Nani huyu anayeuliza maswali saa ya kulala? Huna mama wewe?"

Bosi Mu akajibu, kwa vidole viwili, kwamba mama anaye, yuko Shanxi.

"Umempigia lini?"

Bosi akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Mashine ikaendelea: "Nilijua. Kampuni yako itashinda au itashindwa, mama yako hajui hata jina lake. Mpigie. Kisha ukalale, macho yako mekundu yanaonekana mpaka huku."

Akatoka nje, akapiga simu karibu na dirisha. Aliporudi alipenga kamasi kwa nguvu. Akajitupa kwenye kitanda cha Yuli, akalala mpaka saa tisa, anakoroma, nasi tumesimama kama walinzi. Akaamka uso umenyooka kama wa mtoto. Akasema amejenga kampuni miaka ishirini na hakuna mashine wala binadamu aliyewahi kumwambia ukweli ndani ya jengo hili. Mshindi ni Mzee Shao!

MIMI! Mkuu wa Idara ya Akili Mnemba! Ruan yuko chini yangu! Nimemwambia Jumatatu aniletee kahawa, ya moto.

Jumatatu, 20 Machi

Bosi Mu ameamuru mashine ifunguliwe kwa nchi nzima tarehe tatu Aprili.

Nchi nzima. Nimempigia Mama kumuuliza anaweza kupata akina mama wangapi. Kasema Baoding nzima anaiweza, mjini Shijiazhuang ana wifi yake, lakini nchi nzima nimwombe mwingine, na Jumapili wana mashindano ya ngoma. Nimekaa chooni muda mrefu. Mkuu wa idara, anahesabu akina mama chooni.

Alhamisi, 23 Machi

Ruan kaingia ofisini kwangu, Yuli nyuma yake, kafunga mlango. Aliiuliza mashine kama mvua itanyesha, ikamjibu kwamba goti lake linasema ndiyo. "Mashine ina goti, Mzee Shao?" Nikaanza kueleza viungo vya kisasa. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza ni shangazi yangu au mama yangu. Nikasema mama mkwe. Nilidhani sasa atakwenda mbio kwa Bosi.

Hakwenda! Yuli aliye nyuma yake ndiye aliyemleta. Walikwisha kupanga, wasaliti. Mashine ya Ruan ina elimu lakini haina ulimi. Akina mama wana ulimi. Yuli alikuwa ameyahifadhi majibu yao yote, kila karipio na kila supu. Wataifundisha mashine ya Ruan kwa hayo mpaka ijue kusema na watu. Muda unatosha wakianza leo.

Nikafikiri kidogo kwa heshima ya cheo. Nikawakubalia waniokoe. Mimi si mtu wa kinyongo.

Jumatatu, 3 Aprili

Ukumbi umejaa, waandishi wa habari mpaka milangoni. Nimevaa tai nyekundu. Na mashine inafanya kazi! Yenyewe! Hakuna mtu nyuma, nilichungulia. Ikarekebisha programu, ikaeleza sheria ya mirathi, ikamtuma mwandishi mmoja akapimwe shinikizo la damu. Watu wakasimama kupiga makofi. Nikainama mara nyingi.

Bosi Mu akauliza swali la mwisho, la kunipa sifa: nani amekutengeneza? Nikajipanga kwa picha.

"Mkwe wangu atakuambia ni yeye," ikajibu. "Msikilize kwa adabu, ana moyo mzuri, ila hata balbu hawezi kubadilisha bila kuzima mtaa mzima. Waliofanya kazi ni wale watoto wawili waliokonda. Wapeni chakula."

Kumbe wiki iliyopita kuna mjinga aliuliza hivyo Mama akiwa zamu, nami nilikwisha kumsimulia habari za Ruan na Yuli! Waandishi wakaanguka kwa kicheko, wakadhani ni mzaha wa kampuni. Bosi hakucheka. Kaniita pembeni, kaniuliza kwa upole mashine ina mkwe wa wapi. Nikamwambia yote. Sikuweza kuzuia, yalitoka kama maji. Akaniomba namba ya simu ya Mama.

Jumanne, 4 Aprili

Mama kaja kwa treni ya asubuhi na kofia yake ya sufu. Wamejifungia na Bosi Mu, sisi watatu nje kama watoto waliovunja dirisha. Nilisikia sauti ya Mama tu.

Mlango ukafunguliwa. Mama Geng ni Mshauri Mkuu wa Kampuni. Ruan ni mkuu wa idara, Yuli ni naibu wake. Mimi, Bosi alikuwa ameshalitoa boksi, nimeliona kwa macho yangu mezani. Mama kamwambia, "Mwache. Mjinga ni mjinga, lakini mjukuu wangu anakula kwa mkono wake." Bosi sasa hambishii Mama. Basi nimefanywa Msaidizi wa Mshauri Mkuu. Namchemshia maji, namshikia simu.

Mke wangu kaniuliza kama nimeona aibu. Aibu ya nini? Meza yangu iko mlango wa pili kutoka kwa bosi! Ruan yuko ghorofa ya chini! USHINDI MTUPU!

Alhamisi, 6 Aprili

Mtu mzima hujifunza, nami nimejifunza mengi: udanganyifu haufai.

Leo asubuhi Bosi Mu katangaza mbio mpya. Magari yasiyo na dereva! Ruan kasema yanahitaji miaka miwili na subira. Nimeinua mkono, nikasema mwezi mmoja. Yuli kafunika uso.

Jana, tulipokwenda Baoding kwa sikukuu ya kufagia makaburi, nilimwona baba mkwe akiinama na kujikunja kati ya mawe bila shida yoyote. Ni mfupi, na ameendesha malori ya makaa ya mawe milimani maisha yake yote. Jioni hii nimempigia, Mama akiwa kwenye ngoma zake. Chini ya kiti cha nyuma anaenea vizuri kabisa, tukimtobolea kitundu cha kuonea barabara. Amekubali! Ameuliza tu kama humo ndani ataruhusiwa kuvuta sigara. Nimemwambia avute bila wasiwasi, wakiona moshi tutasema gari linafikiri.