Ombi la Kusahihisha Ripoti ya Kitu Kilichopita Juu ya Nyumba Yangu

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, upande wa Kabazana

Kwa Kapiteni Kalisa,
Mkuu wa uchunguzi wa vitu vya angani, Mbarara

Afande Kapiteni,

Salamu mingi katika jina la Bwana. Mimi ni Pélagie, Mama Divine, yule aliyekupa kiti chenye mto ulipokuja na askari wawili na darubini. Nilisoma mpaka darasa la sita kule Uvira, nikawa wa tatu, kwa hiyo barua hii ninaiandika mwenyewe.

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Ezira, alisoma ripoti yako mbele ya watu wote baada ya ibada. Umeandika kwamba kitu kilichoonekana Jumanne saa tisa mchana si ndege, si silaha, na huenda hakikuwepo, na kwamba shahidi alipigwa na jua. Afande, shahidi huyo ni binti yangu Divine. Malalamiko yangu ni haya:

1. Divine hakupigwa na jua. Alikuwa kivulini anachambua maharage. Akaniita, nikatoka jikoni, nikaona kwa macho yangu: kitu cha mviringo, kinang'aa kama fedha, kinazunguka-zunguka katika ule upepo wa vumbi wa kiangazi, kinaelekea kilima cha kwa jirani yetu Gasore. Binti huyu ndiye anayetunga uzi kwenye sindano za kijiji kizima.

2. Ulimwuliza yeye, nikajibu mimi, ukaandika kwamba shahidi alikataa kusema. Kwani kwenu hakuna wasichana? Kwetu msichana aliyechumbiwa hasemi mbele ya wageni wanaume. Mama ndiye kinywa chake. Ni kweli aliinua kidole mara mbili. Nami nilimkanyaga mguu mara mbili. Hayo ndiyo malezi.

3. Hukuandika wizi. Saa ile ile sinia langu la aluminiamu lilipotea juu ya paa, fasi ninapoanikia mihogo. Hakuna sinia kubwa kama lile upande huu. Mwanangu Bienfait alilileta toka Mbarara amelikumbatia njia nzima, na ninaliweka juu ya paa kwa sababu ndipo majirani wote wanaliona vizuri. Mihogo tuliikuta chini, imemwagika. Mwizi wa hapa angebeba na mihogo. Basi ni nani asiyekula mihogo? Fikiri mwenyewe, umesoma.

4. Hao wa angani wakishazoea Nakivale watakwenda Oruchinga, kisha watateremka Mbarara penyewe, ku jiko ya askari, na sufuria zenu ni nyingi kuliko zetu. Siku hiyo utaandika kwamba wapishi wamepigwa na jua?

5. Hili ndilo linaniumiza. Wazazi wa Vénant, mchumba wa Divine, wakwe zetu wa Oruchinga, walikuwa waje Jumamosi kupanga siku ya ndoa. Waliposikia ripoti wakatuma neno kwamba wanangoja kwanza, maana hawataki mke anayeona vitu visivyokuwepo. Mama yake Vénant ameuliza hata kama ugonjwa huo unarithiwa. Mutoto analia siku ya tatu, hali chakula.

Ninaomba uandike upya kwamba kitu kilikuwepo, kilitoka mbali kusikojulikana, na aliyekiona ana akili timamu. Uje na muhuri. Kiti chenye mto kipo.

Uwasalimie wale askari wawili, hasa yule mwembamba, mwambie ale. Salimia mama watoto na watoto, na wote wa kambi yenu ya askari wanaonikumbuka kwa chai.

Ni mimi, kwa heshima na kwa uchungu,
Pélagie, Mama Divine

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Gasore amefika na sinia langu. Amelikuta katikati ya maharage yake, nyuma ya kilima, limebonyea ukingo, jina langu bado limechorwa chini. Nikamgeukia Divine. Akasema, "Mama, ndicho nilichotaka kumwambia Kapiteni." Basi, Afande, wa angani uwaache. Andika hivi, na muhuri uonekane: msichana huyu alilitambua sinia la mama yake likiwa juu, linazunguka, ndani ya vumbi, fasi ya mbali vile. Wakwe watapata wapi macho kama hayo? Na yale maneno ya kupigwa na jua, kama ni lazima yabaki, weka jina langu.