Zulia la Kijani Nyuma ya Soko

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha idara. Miwani, yule dada wa ramani, ametuonyesha picha ya jiji iliyopigwa na setilaiti. Penye miti na majani ni kijani, palipo patupu ni pekundu. Kata kumi na nne. Kata yangu ni ya kumi na tatu, nyekundu tupu! Mkuu wa idara akasema atakayepandisha kata yake kwenye picha ijayo ndiye ofisa mazingira wa jiji zima. Alinitazama mimi. Alikuwa anakohoa, lakini alinitazama.

Nimemwambia mke wangu cheo ni changu. Akasema tusubiri kwanza. Kachelewa. Mama mkwe nimeshampigia simu, na yeye ameshawatangazia majirani.

Jumanne, 4 Machi
Miwani anashauri tupande miche. Miche! Itaonekana lini? Nikamuuliza, kwa upole, setilaiti inapita siku gani. Akajibu Jumamosi saa nne asubuhi. Wala hakuuliza ya nini. Wasomi ni rahisi kuwazunguka.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji yangu ni mpambaji wa kumbi. Ana zulia la nyasi za plastiki, kubwa ajabu, kijani kuliko nyasi zenyewe. Nimeliazima. Amesisitiza lirudi Jumapili, ana harusi. Nitalitandika kwenye kiwanja nyuma ya soko. Tatizo moja: kiwanja kimejaa magugu na vichaka. Zulia litakaa mabonde mabonde.

Ijumaa, 7 Machi
Tumefyeka kutwa nzima, mimi na vibarua watano. Hakuna kilichobaki. Muuza mboga kalalamika kwamba vile vichaka ndivyo vilivyokuwa vikimpa kivuli saa za jua kali. Nimemwambia avumilie, anashuhudia historia. Akanisonya. Historia huanza hivyo hivyo.

Jumamosi, 8 Machi
Saa nne kasoro tano zulia limenyooka. Anga jeupe, hata wingu hakuna! Saa nne kamili nikasimama katikati, tai shingoni, nikapunga mkono juu.

Jumanne, 11 Machi
Kata yangu ni ya kumi na nne.

Nikadai picha imekosewa. Miwani akanieleza polepole. Eti setilaiti haidanganywi na rangi. Jani lililo hai hurudisha mwanga fulani ambao macho yetu hayauoni. Plastiki hairudishi. Zulia limeonekana sawa na sakafu ya saruji. Akaongeza kwamba kata nzima ilikuwa na sehemu moja tu ya kijani cha maana: vile vichaka nyuma ya soko. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Nimeona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nimefika nyumbani, nikakuta mama mkwe amekuja kunipongeza. Nimepokea pongezi.

Alhamisi, 20 Machi
Cheo kapewa Miwani. Lakini kata ya mwisho ndiyo ya kwanza kupewa miche, na ya mwisho ni ya nani? Mia tatu, yote nyuma ya soko! Bila panga langu tungeambulia nini? Mimi nimepangiwa kumwagilia. Mama mkwe nimemwambia nimekabidhiwa mradi.

Leo nimesimamisha bango pale kiwanjani, jina langu kwa herufi kubwa. Linapendeza sana. Ila nimepiga hesabu: miche ya mstari wa mbele ikikua italiziba. Kesho alfajiri naing'oa. Si mingi, arobaini tu.