Kila Nafasi, Kata

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Mwalimu Wainaina anamwoza bintiye Nyawira Jumamosi, hapa Ruiru. Anataka viti viwe na kadi za majina, kama alivyoona Nairobi. Amesema kati yangu na Gichuru, mwanafunzi mwenzangu, atakayezitengeneza vizuri ndiye atakayeshika ufunguo wa chumba cha kompyuta chuoni Thika. Ufunguo! Anayeushika huitwa bosi. Gichuru amepewa upande wa bibi harusi. Ataandika kwa kalamu. Kalamu, jamani. Mimi nina upande wa bwana harusi, na nina programu.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeandika majina yote kwenye mstari mmoja mrefu. Nikaiamuru kompyuta: kila ukiona nafasi kati ya maneno, kata, kila kipande kiwe kadi. Imemaliza kabla sijakohoa. Kadi zimezidi wageni mara mbili. Ukoo mkubwa huo. Nimemwambia mpishi aongeze sufuria.

Jumamosi, 9 Agosti
Aibu. Watu wa huku hawaitwi kwa neno moja. Mama Mbuvi alikatwa vipande viwili: kiti cha "Mama" na kiti cha "Mbuvi", na Mbuvi mwenyewe yuko nasari. Meza ya mbele ilijaa kadi za "Mama" tupu. Akina mama wote wakaenda mbele, kila mmoja akisema kadi ni yake, na nani angebisha? Mzee mmoja wa Juja alikalia "wa" mpaka jioni, ametulia kabisa. Mama mkwe wa Nyawira alisema hajawahi kuona harusi ya kwao bila ugomvi wa viti, ila hii. Kwa Gichuru kadi zilikuwa sawa, na waligombana hadi keki ikakatwa. Pilau ilibaki, watu wakabeba. Nilicheza mpaka soli ikaachia. Mwalimu peke yake hakucheka.

Jumatatu, 11 Agosti
Mwalimu ameniita. Kasema, Maluki, ufunguo ungekuwa wa Gichuru, lakini mke wangu amekutetea. Nijaribu mara ya mwisho: kadi za asante. Kosa nimelijua. Sitakata tena penye nafasi, nitakata penye koma. Mke wa Mwalimu ameniandikia majina kwa uangalifu, nisichanganye watu: "Mama Mbuvi, yule wa Gatongora, si yule wa Juja," na kuendelea. Koma kila mahali! Nimebonyeza. Kadi zimezidi wageni mara tatu. Gichuru amechungulia, akacheka. Wivu.

Nimeshanunua kamba ya kuvalia ufunguo shingoni.