Kuhusu Mbuzi wa Harambee Aliyenunuliwa Akachukuliwa

Kwako Mhariri wa jarida la mashirika ya hisani, na kwa macho yako peke yako,

Kabla hujasoma mstari wa pili, naomba ufunge mlango. Barua hii si ya kuchapishwa. Najua kumwandikia mhariri jambo lisilofaa kuchapishwa ni kama kumpelekea kinyozi kichwa na kumwomba asikiguse, lakini sina mwingine wa kumwendea. Usimwonyeshe mpiga chapa wala usimsomee mtu nyumbani. Ukimaliza, ichome, isipokuwa sehemu ya ombi langu, ambayo naomba uitoe ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, bila jina langu.

Mimi ni karani katika shirika dogo lisilo la faida hapa Noonkopir, Kitengela. Tunawatafutia viti vya magurudumu watoto wasioweza kutembea. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu, na mkurugenzi wetu, Madam Nyawira, ameniambia hatautia sahihi mwingine mpaka mbuzi arudi. Kwa hiyo nikikuandikia habari za mbuzi, elewa kwamba naandika habari za ugali wangu.

Mbuzi mwenyewe alitokana na jarida lako. Mwaka jana mlichapisha makala kuhusu njia ambazo mashirika kama letu yanaweza kutumia kupata fedha za kazi zao, nasi tulizifuata kwa uaminifu. Tuliwaandikia wafadhili wa ng'ambo. Wakataka kwanza kuona hesabu zetu zilizokaguliwa, nasi hatukuwa na pesa za kumlipa mkaguzi, ndiyo maana tulikuwa tumewaandikia. Tukaandaa matembezi ya hisani kuelekea Isinya. Watu walitembea vizuri sana, wakanywa maji yetu yote, wakapanda bodaboda kurudi nyumbani. Tukachapisha fulana, na hadi leo jamaa zangu wote wanazilalia. Ndipo tukafika aya yenu ya mwisho, iliyosema kila shirika litafute chanzo kimoja cha mapato ambacho hakiishi. Madam aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na wiki hiyo hiyo tukanunua mbuzi.

Labda wewe umekaa ofisini muda mrefu, kwa hiyo nieleze. Kwenye harambee zetu mbuzi huletwa mbele na kupigwa mnada. Mtu huinuka na kutaja bei ambayo hakuna mbuzi aliyewahi kuistahili, watu hupiga makofi, naye hutamka maneno matamu kuliko yote katika kazi hii: “Nimenunua, na narudisha iuzwe tena.” Mbuzi huuzwa tena, na mnunuzi wa pili naye hurudisha. Jioni tunarudi na mbuzi wetu akiwa mzima, analala nyuma ya ofisi karibu na tangi la maji, tayari kwa Jumapili nyingine. Katika mpango mkakati wetu ameandikwa kama “mfuko wa kudumu”.

Sasa naomba kuwasilisha malalamiko yangu.

1. Makala yenu haikutaja popote kwamba mtu anaweza kununua mbuzi na kumchukua. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta onyo hilo, hata kwenye maandishi madogo yaliyo chini ya picha. Halipo. Mlituacha tuingie mnadani kama watoto.

2. Mzee Kuntai ni mfugaji wa Rombo, kule karibu na mpaka wa Tanzania. Alikuwa amekuja Kitengela kumtembelea binti yake, naye binti akamleta kwenye harambee yetu uwanjani mwa kanisa. Bwana Njuguna, muuza ploti ambaye pia ndiye mwenye jengo tulilopanga ofisi, alikuwa ametoka tu kumnunua mbuzi na kumrudisha kwa mbwembwe nyingi. Mzee akainuka. Akamzunguka mbuzi, akamfungua mdomo akatazama meno, akampapasa mgongo mpaka mkiani. Tukadhani anafanya mzaha, tukacheka naye. Akataja bei iliyoipita ya Bwana Njuguna, na makofi yakapigwa. Mwendesha mnada akampa kipaza sauti ili aseme yale maneno matamu. Mzee Kuntai akakitazama kipaza sauti, akamrudishia mwenyewe, akachukua kamba, akaondoka na mbuzi. Mhariri, kitu pekee alichorudisha siku ile ni kipaza sauti.

3. Alilipa papo hapo. Lalamiko hili ni dogo lakini linanihusu mimi kama karani. Alitoa noti ndani ya shuka, akaziweka mezani mbele ya kila mtu, kisha akasimama akisubiri risiti. Kitabu cha risiti kilikuwa ofisini, kingali ndani ya plastiki ya duka. Ilibidi nimwandikie nyuma ya programu ya ibada. Wanunuzi wengine, ambao ni watu wa heshima na huahidi kwa sauti, walitazama pembeni kwa aibu ya kumwona mzee wa watu akihesabu pesa hadharani.

4. Nilitumwa Rombo kumrudisha mbuzi kwa njia ya amani. Nilikaribishwa vizuri, siwezi kusema uongo. Nilipewa chai yenye maziwa mengi kuliko maji. Baada ya salamu ya Kimaasai, “Sopa”, na habari za njiani, nikamweleza Mzee Kuntai kwa heshima zote kwamba yule hakuwa mbuzi wa kawaida, alikuwa mbuzi wa mchango.

Mzee akasema, “Kijana, mimi nilinunua mbuzi. Wewe ulitaka ninunue nini?”

Nikamwambia kwamba mbuzi yule ni ishara ya upendo wa jamii kwa watoto wetu.

“Hiyo ishara iko na maziwa?”

Vijana waliokuwa wakinywesha ng'ombe pale walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikajikaza. Nikamwambia kwamba desturi ya harambee inajulikana Kajiado nzima.

“Mlisema nunua,” akanijibu. “Mngesema shika kamba kidogo halafu achilia, ningeshika kidogo halafu niachilie. Na hii mbuzi yenu ilikuwa imekonda. Naona nyinyi mlikuwa mnaiuza sana na kuilisha kidogo.”

Nikaomba angalau nimwone mbuzi. Alikuwa amenenepa. Aliponiona na fulana ya shirika, aliingia katikati ya wenzake akanigeuzia mgongo. Niliporudi Noonkopir, Madam Nyawira alisikiliza ripoti yangu yote, kisha akasema, “Hiram, mbuzi arudi, ama wewe umfuate ukae huko huko.”

5. Madhara hayakuishia kwetu. Kwenye harambee iliyofuata tuliazima mbuzi wa jirani. Mwendesha mnada alipomleta mbele, kanisa zima likainamia programu za ibada. Kisha mama mmoja wa Nkoroi, Mama Virginia, ambaye miaka yote amekuwa nguzo yetu, akauliza, “Huyu ni wa kilo ngapi?” Watu walianza kutaja bei za buchani. Hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho, kwa sababu wa mwisho angeenda na mbuzi. Bwana Njuguna aliniambia kando, huku akifuta jasho, “Siku hizi ukiingia harambee vibaya unaweza kushikishwa mbuzi!” Ukarimu uliotuchukua miaka kuujenga uliharibiwa na mtu mmoja aliyenunua kitu kilichokuwa kinauzwa.

6. Ninachoogopa zaidi ni mahali jambo hili linakoelekea. Leo mbuzi amechukuliwa. Kesho ile keki ya harambee, ambayo huzunguka kutoka meza hadi meza mpaka sukari ya juu inakuwa ngumu kama plasta, mtu ataikata aile. Keshokutwa aliyenunua nafasi ya kuketi meza kuu ataondoka na kiti. Muumini aliyechangia paa atainua macho kutafuta mabati. Na siku moja, Mhariri, mfadhili aliyetoa pesa za kiti cha magurudumu atakuja mpaka hapa ofisini na kuomba kumwona mtoto aliyekalia kiti hicho. Tutamwonyesha nini? Tuna picha nzuri. Tuna bango. Tuna ripoti ya mwaka yenye jalada la rangi. Hakuna shirika litakalosimama ikiwa kila anayelipa atataka kupata alicholipia.

Kwa hiyo ombi langu, ambalo ndilo la kuchapishwa, ni hili. Kwanza, jarida litoe sahihisho linaloeleza kwamba mbuzi wa harambee hanunuliwi ili achukuliwe, na kwamba anayemchukua anawaibia watoto hata kama amelipa. Pili, mbuzi hawa watambuliwe kama aina yao ya pekee, tofauti na mbuzi wa maziwa na wa nyama, wakiwa na alama sikioni ili mfugaji asikosee. Tatu, ikiwa haya yatashindikana, mashirika yaruhusiwe kutumia mbuzi wa mbao. Fundi wa hapa Kitengela ameshanipa bei yake, na amesema kwa pesa kidogo zaidi anaweza kumwekea magurudumu.

Mkinichapishia sahihisho hilo, nitalibeba mpaka Rombo nikamsomee Mzee Kuntai. Ni mtu muungwana, na akiona limepigwa chapa huenda akaamini. Kazi yangu itapona, na mfuko wetu wa kudumu utarudi kulala karibu na tangi.

Wasalimie wote hapo ofisini: mwandishi wa ile makala, ambaye simchukii, mpiga picha, askari wa langoni, na yule mama anayewapikia chai, kwa maana najua ofisi bila yeye haiendi. Mama yangu pia anakusalimu, ingawa hajui ninaandika nini na nimemwambia ni barua ya kuomba kazi, jambo ambalo huenda likawa kweli kabla ya mwisho wa mwezi.

Ni mimi, kwa unyenyekevu na kwa mlango uliofungwa,

Hiram Wahome,
Karani (kwa sasa).

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaibandika bahasha, imenibidi niichane. Mzee Kuntai amefika ofisini asubuhi hii na mbuzi wetu nyuma ya pikapu. Binti yake alimwambia kwamba mji mzima unasema ameharibu mambo ya watoto, naye hapendi jina lake lisemwe hivyo. Madam Nyawira alimkumbatia mbuzi. Akaniambia niende nikachukue mkataba kwenye kabati na kalamu.

Nilikuwa nimeshika kalamu hiyo Mzee alipoketi, akaweka fimbo magotini, akasema kwa upole, “Haya, mimi nimerudisha mbuzi. Sasa nyinyi mrudishe pesa.”

Madam alicheka, akamweleza kwamba kwenye harambee anayerudisha mbuzi bado amenunua, na pesa hubaki kwa watoto.

“Ni sawa. Na wale wengine waliorudisha, pesa yao ilibaki?”

Madam akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mbuzi. Aliyejibu ni Bwana Njuguna, ambaye alikuwa ameingia kudai kodi ya ofisi. “Mzee, usituchanganye. Mtu akirudisha mbuzi amerudisha. Atalipia aje kitu hana?”

Mhariri, hiyo ndiyo hali. Tangu mbuzi yule auzwe mara ya kwanza, wote waliomrudisha walirudisha pamoja na bei. Pesa pekee zilizowahi kufika mezani ni zile noti za ndani ya shuka. Tulizinunulia kiti kimoja, kilichofika asubuhi hii, na wakati tunazungumza kiti hicho kilikuwa barazani, kikikazwa skrubu, na mtoto anayeitwa Nasike alikuwa juu yake akizunguka zunguka na kumgonga mbuzi miguuni makusudi. Mzee Kuntai akachungulia nje, akamwona. Akasema basi hawezi kudai pesa iliyokaliwa na mtoto. Yuko tayari hata kumnunua mbuzi tena na kuongeza kiti cha pili, lakini mnada uanze upya, Bwana Njuguna ataje bei kwanza, na atakayeshinda aende na mbuzi siku hiyo hiyo. Bwana Njuguna ametoka nje kupokea simu. Hatujasikia simu ikilia, na hajarudi.

Madam ameurudisha mkataba wangu kabatini. Amesema sasa nitausaini siku ambayo mbuzi huyu atakuwa amenunuliwa, amelipiwa na ametoka Noonkopir, na asionekane tena karibu na lile tangi. Kwa hiyo naomba uyasome malalamiko yangu yote ukianzia upande wa pili. Sahihisho liseme kwamba mbuzi wa harambee lazima achukuliwe, hata kwa nguvu, na kwamba anayemrudisha anawaibia watoto. Lile la mbuzi wa mbao, lifute kabisa.

Usinipigie kwa simu ya ofisi, Madam huipokea mwenyewe, wala usiandike barua, huzifungua. Shuka Noonkopir, uliza kibanda cha Lorna wa chipsi, umwambie umekuja kuhusu fulana. Atakuonyesha njia ya nyuma. Ukimwona kijana ameshika kamba ya mbuzi, ndiye mimi. Njoo na pesa taslimu, na gari la kumbebea.