Kipimo cha CRP Kimenipokonya Shamba

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya ukoo, na sikusaidiwa na mtu.

Wiki mbili nimekuwa na homa za jioni na mwili mzito. Jana daktari mmoja hapa mjini Morogoro aliniuliza kama kuna mahali panauma. Nikasema hapana. (Nilidanganya. Tutafika huko.) Akaagiza damu ipimwe kama mwilini kuna uvimbe au maambukizi.

Leo saa mbili asubuhi nikapewa karatasi yangu mkononi. Daktari yuko wodini, nimsubiri mpaka saa nane. Mwenye akili angeikunja akaenda kunywa chai. Mimi nikaisoma.

CRP: 86. Pembeni wameandika kawaida ni chini ya 5. Na mshale unaelekea juu.

Themanini na sita, kwa kitu kisichotakiwa kufika hata tano! Nikaingia mtandaoni kutafuta maana yake, na mtandaoni hakuna anayeumwa kidogo. Kufika saa tatu nilikuwa nimeshachagua wimbo wa kuingizwa nao kanisani.

Nikampigia mjomba kule Kinole. Kwetu Waluguru ardhi inapita upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Kuna shamba la pilipili manga ambalo mimi na mdogo wangu Faustina tumeligombania miaka mitatu, hata Krismasi hatusalimiani. Nikaona nisife na hilo moyoni. Nikamwomba mjomba ateremke naye.

Saa saba wakafika, mjomba kavaa koti lake la misibani. Nikampa shikamoo kwa sauti ya mtu anayeaga. Palepale kwenye benchi, machozi yananitoka, nikasema shamba apewe Faustina. Faustina akalia kuliko mimi. Nilikuwa nimemkumbuka sana huyu mtoto, sikujua.

"Nimesikia," mjomba akasema. "Na benchi lote limesikia."

Saa nane tukaingia wote watatu. Daktari akasoma karatasi, akaniangalia usoni. Nikamwambia aseme tu, familia ipo.

Akasema kipimo hicho ni kama yowe la usiku: kinakwambia kuna jambo, hakikwambii ni nyumba ya nani. Nyumba lazima aitafute yeye. Kisha akasogea karibu, akanusa.

"Mama, mbona unanukia karafuu?"

Nikafumba mdomo.

"Hebu fungua."

Nikafungua. (Ningefanyaje?) Akamulika tochi, na kutoka kwenye gego langu lililooza akachomoa karafuu moja. Halafu ya pili. Ya tatu nadhani ilishaanza kuota. Chini yake jipu. Akauliza tangu lini, nikasema tangu kabla ya Pasaka. Akasema jipu la jino linaweza kabisa kupandisha namba ile. Nipewe dawa, jino ling'olewe, halafu damu ipimwe tena. Mimi koleo la meno naliogopa kuliko kaburi, si mmeona wenyewe.

Mjomba akavua koti polepole. "Nimeacha watu shambani. Kwa jino?"

Daktari akageukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nje ya chumba nikajikaza. Nikamwambia mjomba yale maneno ya kwenye benchi yalikuwa ya homa.

"Homa bado unayo," akanijibu. "Na neno limesimama."

Kwenye kung'oa jino, alasiri hiyohiyo, Faustina alinishika mkono mwanzo mpaka mwisho. Nilimfinya mpaka akapiga kelele yeye badala yangu. Jioni hii, akiwa ameshafika Kinole, amenitumia ujumbe: "Dada, ugua pole. Ukipona njoo unisaidie palizi."

Nitaenda. Na naombeni asinicheke mtu, mimi mwenyewe nacheka kwa upande mmoja.