Kamati ya Kutuliza Leva ya Gia

Wananchi wote wa Nyasubi, Isaka na Ushetu mnatangaziwa kwamba leva ya gia ya pikapu ya ofisi yetu imetulia. Haigongi tena. Mafanikio haya yamepatikana kwa siku arobaini na moja za kazi, vikao kumi na vinne na kiatu kimoja. Mimi Edson, Katibu wa Kamati ya Kutuliza Leva, naomba nieleze mwenyewe, maana mtaani yanasemwa mengi na watu ambao hata muhtasari hawajausoma.

Pikapu yetu ni ya zamani, leva yake ya gia iko pale kwenye usukani. Ilianza kulegea, ikawa inacheza na kugonga ka-ka-ka-ka tangu getini mpaka huko uendako. Dereva wetu, Maduhu, akaripoti, kisha akaipeleka kwa Paskazia, fundi wa Nyasubi. Paskazia aliingiza kichwa chini ya usukani, akatoka.

"Bushi imekwisha, kale kampira kanakoizuia leva isicheze. Nipe kipande cha mpira wa katambuga na dakika kumi."

Jamani! Katambuga! Makubazi ya tairi ya kuchungia ng'ombe, yaingie kwenye gari la ofisi! Mkuu wetu, Bwana Marcel, alitetemeka kuliko leva yenyewe. Siku hiyohiyo akatoa Mwongozo: mpira wowote utakaotumika kwenye gari la ofisi lazima uwe mali ya ofisi, iliyopakwa namba kwa rangi. Kazi ya kupaka namba ni yangu. Nimepaka viti, ndoo, mafagio, na hata buti za ukaguzi za Bwana Marcel nimezipaka kwenye soli.

Kamati ikaundwa. Kama hatua ya dharura, niliteuliwa Mshika Leva wa Muda. Maduhu anaendesha, mimi nimeikumbatia leva isipige kelele. Akitaka kubadili gia anasema, "Katibu, achia," naachia, anabadili, naikamata tena. Tulikwenda hivyo mpaka Isaka bila tatizo, isipokuwa nilipopitiwa na usingizi na tukaenda nusu ya safari kwa gia ya kwanza.

Kwenye kikao cha kumi na tatu Bwana Marcel akagundua kiini cha tatizo.

"Leva haina akili ya kulegea yenyewe," alisema. "Kuna mtu kailegeza."

Wote tukamwangalia Maduhu.

"Bosi, mimi ndiye niliyeripoti!"

"Sasa kama hukuhusika, ulijuaje?"

Hoja hiyo ilipigiwa makofi. Uamuzi ukaandikwa na kusainiwa: yeyote aliyekuwa ameishika leva wakati wa kuharibika kwake hatapanda gari la ofisi kwa mwaka mzima. Dereva asiyepanda gari ni wa kurudi kwao tu. Maduhu ana miaka kumi na tisa kwenye usukani ule, na mkewe alikuwa ameshaanza kutafuta shamba la kukodi. Nilimwonea huruma. Nikaiingiza huruma hiyo kwenye muhtasari, Bwana Marcel akaifuta.

Ikaamuliwa uamuzi usomwe hadharani, kwenye mkutano wa wakulima wa tumbaku Ushetu, ili wananchi wajifunze. Maduhu alitakiwa atuendeshe mwenyewe kwenda kuaibishwa. Paskazia tulimpandisha nyuma kama shahidi.

"Leo nashika mimi," alisema Bwana Marcel, akakaa katikati. Hakuniamini tena tangu safari ya Isaka.

Kwenye daraja jembamba tukakutana na lori la tumbaku. Bwana Marcel akaachia kidogo, Maduhu akaweka rivasi, akarudi nyuma hadi nje ya daraja ili lori lipite.

"Bosi, achia niweke ya kwanza."

"Siachii! Unataka kuilegeza tena?"

Bwana Marcel akaivuta kwake. Leva ikatoka nzima, ikabaki mkononi mwake. Gia ikabaki kwenye rivasi.

"Naitengeneza hapahapa," Paskazia akapaza sauti kutoka nyuma. Bwana Marcel akamjibu kwamba shahidi hatengenezi. Basi lori lilipopita, Maduhu akaligeuza gari kwa rivasi hiyohiyo, akatoa kichwa dirishani, tukaenda kilomita tatu zilizobaki kinyumenyume.

"Mwangaluka!" alitusalimu Kisukuma Mzee Masele, mfugaji, katambuga miguuni. "Mbona mmetanguliza matako ya gari?"

"Shikamoo, mzee. Ni utaratibu mpya," nilimjibu. "Tukiondoka hatutapoteza muda wa kugeuza."

Bwana Marcel akasimama mbele ya watu, akasoma uamuzi kwa sauti nzito. Kila alipofika kwenye neno la kukazia, alipunga leva hewani. Maduhu alikuwa ameinamisha uso, anakunjakunja kofia yake.

"Swali," alisema Mzee Masele. "Hicho ulichoshika ni nini?"

Bwana Marcel akatazama mkono wake. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Paskazia akaichukua leva, akaomba mpira. Mzee Masele akavua katambuga ya kulia, lakini kazi ni kazi, nikamsomea Mwongozo: mali ya ofisi, iliyopakwa namba. Kisha nikatazama buti za Bwana Marcel.

"Edson, nyamaza."

"Bosi, saini ni yako."

Paskazia alikata kisigino cha buti ya kushoto, akachonga bushi, akafunga leva. Dakika kumi kamili. Maduhu akaweka ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Nikaona ameifuta leva kwa kofia yake, taratibu, huku machozi yakimlengalenga.

Bwana Marcel akashika mlango apande. Nikamzuia kwa heshima zote, maana leva iliharibika mkononi mwake. Akasema uamuzi unaweza kutenguliwa. Nikamkumbusha kwamba unatenguliwa na kikao tu, na kikao chetu hukaa ofisini, Kahama.

Mzee Masele akamwazima katambuga zote mbili, naye Bwana Marcel akatangulia kwa miguu. Sisi tulibaki kunywa chai ya wakulima, kisha tukaondoka. Maduhu aliendesha polepole sana, kwa adabu. Ila leva ilikuwa imetulia kiasi kwamba Bwana Marcel hakutusikia tukija, na vumbi lote akalipokea akiwa katikati ya kupiga mwayo.