Kitufe Kisichoingiza Kitu

Kwa heshima na taadhima, umma unaarifiwa kwamba Mamlaka ya Maji imefanikiwa kuingiza mapato bila kutumia maji. Haya ni mafanikio makubwa, na mimi, Ofisa Mwandamizi wa Uwiano, nimepewa jukumu la kuyaeleza kabla wambea hawajayapotosha.

Mambo yalianza Mkurugenzi Mkuu aliporudi kutoka semina. Aliitisha kikao, akavua koti, akasema, "Jamani, tovuti yetu imekaa bure. Watu wanaingia, wanaripoti bomba limepasuka, wanatoka. Sisi tunapata nini?"

Tukatazamana. Kweli, tulikuwa hatupati chochote zaidi ya habari za mabomba.

Akatufundisha. Njia ziko mbili. Ya kwanza, unaweka matangazo ya biashara. Mtu akibofya tangazo, mwenye tangazo anakulipa, hata kama aliyebofya kateleza kidole tu. Ya pili, unaweka viungo vya kamisheni. Mtu akipitia kiungo chako akanunua kitu, muuzaji anakukatia chako. "Sasa kazi ni uwiano," akasema. "Matangazo yakizidi, watu wanayeyuka kabla hawajanunua. Viungo vikizidi, hakuna wa kubofya matangazo. Nataka uwiano!"

Tukapiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu zaidi ni Ofisa Manunuzi, na kesho yake alileta gunia la iliki, mdalasini na pilipili manga, kwa kuwa alikuwa ameagizwa ahakikishe viungo vinapatikana vya kutosha. Hakuadhibiwa. Gunia liliingizwa stoo kama viungo vya akiba, na chai ya ofisi sasa inanukia hadi getini.

Ofisi ya Uwiano ikaundwa. Tulikuwa wawili: mimi na mtaalamu wa kompyuta, ambaye wote tunamwita Pasiwedi kwa sababu bila yeye hakuna kinachofunguka. Nilipima kioo cha kompyuta kwa rula. Kushoto matangazo, kulia viungo, sentimita kwa sentimita. Katikati kikabaki Kitufe cha Kuripoti.

"Hiki kinaingiza nini?" nikauliza.

"Kinaingiza ripoti, bosi."

"Nazungumzia mapato."

"Mapato hakiingizi hata senti. Tena mtu akishakibofya ndiyo basi, anaondoka. Habofyi tangazo, hanunui kitu."

"Kumbe mwizi tunaye ndani ya nyumba!"

Hatukukifuta, sisi si makatili. Tulikipunguza kikawa kama punje ya mchele, tukakipaka kijivu, tukakishusha chini kabisa, chini ya masharti ya matumizi. Tukaacha pia kupokea ripoti za mdomo na za simu, kwa kuwa mdomo haubofyeki. Na ili kuonyesha uwajibikaji, ripoti yoyote ingeingia moja kwa moja kwenye simu ya Mkurugenzi Mkuu, na fundi hatoki mpaka yeye aseme.

Matokeo yalitia moyo sana. Mtu aliyepasukiwa na bomba huwa amechanganyikiwa, na aliyechanganyikiwa hubofya hovyo. Asiye na maji hununua ndoo. Tukaweka viungo vya ndoo, vya matangi, vya viatu vya mvua. Tuligundua kwamba mtaa ukikauka wiki nzima, uwiano unakuwa mtamu ajabu. Mafundi wakashinda gereji wakicheza drafti, na Mkurugenzi Mkuu akatangaza kwamba mabomba ya nchi yamepona.

Ndipo akatokea Mama Cherehani. Huyu ni mshonaji wa sare za shule anayeishi bondeni, barabara ileile ambayo kileleni mwake anaishi Mkurugenzi Mkuu. Aliingia ofisini kwangu amelowa chapachapa, miguuni viatu vya mvua.

"Baba, bomba limepasuka mlangoni kwangu," akasema. "Chumba cha kushonea kimekuwa ziwa. Nina sare za shule nzima, zinatakiwa Jumatatu, na kitambaa si changu. Kikiharibika nauza cherehani nilipe. Nikiuza cherehani, nitakula nini mimi na wanangu?"

"Pole sana, mama. Umeripoti kwenye tovuti?"

"Nimejaribu! Nimebofya mpaka kidole kimekufa ganzi. Nimeletewa mkopo, nimeletewa mchumba, nimeletewa na dawa ya kuotesha nywele."

"Huo ni ushirikiano mzuri. Na viatu hivyo?"

"Nimevinunua hukohuko kwenu, ningefanyaje?"

Nikasimama kumpa mkono. Alikuwa mwananchi wa mfano, kabofya na kanunua. Uwiano wenyewe ulikuwa umesimama mbele yangu unadondosha maji kwenye zulia.

"Mkono wako utakausha vitambaa?" akaniuliza. "Chukua kalamu, andika kwamba bomba limepasuka."

"Siwezi, mama. Ripoti ya mdomo haitambuliki."

Akaniangalia, akasonya msonyo mrefu, akaenda zake. Roho iliniuma kidogo, hasa kwa ajili ya zulia.

Jumamosi asubuhi Mkurugenzi Mkuu akanipigia. Sauti yake haikuwa ile ya semina.

"Njoo nyumbani upesi. Wakwe zangu wanakuja kula mchana, na bomba halitoi hata tone. Mke wangu ameshaanza kuniita Mheshimiwa."

Nilimkuta getini kashika ndoo mbili mpya, alizonunua kupitia kiungo chetu. Akauliza nani ana maji mtaa huu. Nikamwambia, "Bondeni, mzee. Kuna mama anayo mpaka uvunguni."

Tukashuka. Mama Cherehani alikuwa amepanda juu ya meza, anazitundika sare kwenye kamba karibu na dari. Chini yake maji yalikuwa yameshafika kwenye pedeli ya cherehani.

"Hodi, mama. Tunaomba maji," akasema Mkurugenzi Mkuu.

"Karibuni, si mnayaona? Ila hapa kwangu ni malipo kwa mbofyo."

"Malipo kwa nini?"

"Kwa mbofyo. Kila ndoo, uniripotie bomba langu mara moja kwenye tovuti. Tumia simu yako, yangu ilitumbukia."

Mkurugenzi Mkuu akacheka. Akakaa kwenye kizingiti, akafungua tovuti anayoiongoza. Akabofya, ukaja mkopo. Akarudi, akabofya, akaja mchumba. Jasho likaanza kumtoka.

"Kitufe kiko wapi?"

"Chini ya masharti, mzee."

"Masharti yako wapi?"

"Chini ya ndoo."

Akabofya ndoo. Akabofya matangi. Akabofya nywele, mchumba, mkopo, tena mchumba. "Mpumbavu gani aliyepanga ukurasa huu?" akafoka. Niliona ni swali la kitaalamu, nikaliahirisha hadi kikao kijacho.

Hapa lazima nieleze kanuni moja. Kampuni inayotulipa matangazo haina mzaha: mwenye tovuti haruhusiwi kubofya matangazo yake mwenyewe, huo ni wizi. Na simu ya Mkurugenzi Mkuu ndiyo iliyosajiliwa kuwa ya mwenye tovuti. Punde si punde Pasiwedi akanipigia, anahema.

"Bosi, kuna mtu anatubofya kama kichaa, tena kwa jina la mzee! Kampuni imefunga akaunti yetu. Mapato yote wameyazuia!"

"Na viungo?"

"Muuza ndoo kasema hashirikiani na wezi. Kajitoa."

Nikachungulia simu ya mzee. Mikopo haipo, wachumba wamekwenda zao, ndoo hakuna. Ukurasa ulikuwa mweupe pee, umebaki na kitu kimoja tu, punje ya kijivu.

Mkurugenzi Mkuu akaibofya. Simu ikajibu: *Asante. Ripoti yako imepelekwa kwa Mkurugenzi Mkuu.* Halafu ikalia mkononi mwake: *Mkurugenzi Mkuu, una ripoti mpya.*

"Haya, si umeshapata habari?" akasema Mama Cherehani kutoka juu ya meza. "Waite mafundi."

Akawaita. Akaripoti tena kwa ajili ya ndoo ya pili, maana mama hakukubali mkopo. Mafundi walifika wakaziba bomba, na sare zikapona. Ila ili kuziba ilibidi wafunge maji ya barabara nzima, kwa hiyo Mkurugenzi Mkuu alipandisha ndoo zake kileleni kwa miguu, huku gari la wakwe likimfuata polepole nyuma.

Ningemsaidia, lakini mikono yangu ilikuwa na kazi. Mama Cherehani alikuwa amenijazia ndoo moja ya bure.

"Yako hiyo," aliniambia. "Si wewe uliyeniletea mteja?"